Kaimu Mwana wa Bi Sikudhani

Nchi ninayoisimulia haina jina kwa sasa. Lilikuwapo, likafutwa, na jipya limeshapitishwa na wakubwa, lakini waraka wake haujafika huku kwetu wilayani. Tukiandika barua tunaacha nafasi tupu na kuendelea. Msomaji asihangaike kuitafuta kwenye ramani. Iko mbali sana, na watu wake hawafanani na nyinyi hata kidogo.

Katika nchi hiyo, mwaka juzi, dawa ziliisha hospitalini. Nasema ziliisha kwa sababu mimi ni mtu wa kawaida. Mheshimiwa Waziri hakusema hivyo. Alisimama mbele ya vipaza sauti tisa akatangaza kuwa utafiti wa kina umebaini dawa zilikuwa zinawachosha wananchi, na kwamba kuanzia siku hiyo taifa limeingia katika zama za Tiba Bila Dawa. Watu walipiga makofi. Wenye malaria walipiga wakiwa wamekaa.

Wa kwanza kufaidika walikuwa wazee wanaosahau. Wagonjwa wengine waliisumbua Wizara, maana walikuwa wakifa kabla ya ripoti ya robo mwaka. Wazee wanaosahau hawakuwa na tabia hiyo. Tena wataalamu walieleza kwamba ugonjwa wao hata ng'ambo hauna dawa ya kuuponya, kwa hiyo sisi na ng'ambo tulikuwa sawasawa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Na wataalamu hawakudanganya. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu anatulizwa kwa nyimbo za ujana wake, kwa kazi za mikono alizozizoea, kwa harufu za jikoni, na kwa mtu wa kukaa naye asubuhi hadi jioni. Hayo yanasaidia, nimeyaona. Serikali iliyachukua yakiwa mazima, ikayatungia taratibu.

Kikafunguliwa Kituo cha Mchana ndani ya lililokuwa ghala la pamba, nami nikapelekwa huko kuwa Msajili wa Tiba. Nina miaka sitini na moja. Nilipaswa kustaafu mwaka jana, ila barua ya kustaafu nayo haijafika.

Mkurugenzi wetu alikuwa Dokta Mbaruku, mtu mpole mwenye shahada ya uzamivu katika uhifadhi wa mahindi. Mwandishi mmoja wa habari alimuuliza mahindi na wazee vinahusiana vipi. Dokta alifikiri kwa muda, akajibu kwamba kote ni kuhifadhi, na adui ni unyevu.

*

Tiba ya kwanza ilikuwa kuchambua mchele. Wanawake waliopoteza hata majina ya watoto wao waliwekewa ungo magotini, na vidole vikaanza kazi vyenyewe: chuya huku, kijiwe kule. Ghala zima lilitulia. Hata Jaji Mstaafu Kitwana, ambaye maishani mwake hakuwahi kushika ungo, aliupokea siku ya pili akawa anatenga mawe na mchele bila kusikiliza rufaa.

Tatizo likawa kwamba kila ikifika saa tano mchele umeshakuwa safi, na tuliidhinishiwa kilo nne tu. Makao makuu wakaelekeza kwamba kila jioni Msajili ayarudishe mawe. Basi nikawa nayahesabu, mawe mia moja na ishirini, nayafungia kwenye kopo lenye lakiri, kisha wazee wakishaondoka nayamwaga mle mle kwenye mchele, nachanganya kwa mkono na kutia sahihi. Ulikuwa mchele ule ule kwa miezi kumi na minne. Hakuna aliyewahi kuupika.

Tiba ya pili ilikuwa Ubao wa Uhalisia, wa kumkumbusha mzee siku na hali ya hewa. Wetu uliandikwa makao makuu kwa robo mwaka nzima, ukaletwa umeshakauka rangi. LEO NI SIKU NJEMA. HALI YA HEWA NI SHWARI. KIONGOZI WETU NI YULE YULE. Masika yalipokuja bati likavuja, na wazee wakawa wanausoma ubao huku wamejifunika magunia. Bi Havintishi, aliyekuwa mkunga enzi zake, alinivuta kando akaniuliza kwa sauti ya chini kama anayeumwa ni yeye au ni huo ubao. Nikamwandikia "amechanganyikiwa kiasi".

*

Bi Sikudhani aliletwa na binti yake Semeni, mfanyakazi wa kiwanda cha viberiti. Kabla kituo hakijafunguliwa, Semeni alikuwa akimfungia mama yake ndani kwa kufuli kila asubuhi anapokwenda kazini. Asipomfungia, mama anatoka kwenda kumtafuta mwanawe wa kiume. Mara mbili aliokotwa kwenye njia ya reli, mara ya tatu mtoni, maji yakiwa kiunoni. Akifungiwa, alikuwa anaugonga mlango kutwa nzima. Siku ya kuandikishwa, Semeni aliishika mikono ya mama yake akaiweka juu ya meza yangu, nikaona vifundo vya vidole vilivyochubuka na kupona na kuchubuka tena.

"Sina namna nyingine, mzee wangu," Semeni akasema. "Nikiacha kazi hatuli. Nikienda kazini namfunga kama mbuzi. Mkimpokea huyu, mtakuwa mmenifungua mimi."

Nikampokea. Kwenye fomu nikaandika: vidole, michubuko, ya muda mrefu.

Bi Sikudhani alikuwa mtu wa adabu zake. Alimwamkia kila mtu, pamoja na picha ya Kiongozi ukutani, na kwenye mchele hakuwa na mpinzani. Ila mara kumi na moja kwa siku (nilihesabu, ndiyo kazi yangu) aliinua uso na kuuliza: "Mashaka amerudi?"

Mashaka ni mwanawe wa kwanza, kaka yake Semeni. Alikuwa mwanafunzi wa ualimu, akachukuliwa na watu wa Serikali akiwa na miaka ishirini, katika mwaka ambao siwezi kuutaja. Si kwamba unaogopwa. Umefutwa. Bunge lilipitisha kwamba mwaka ule ulikuwa na kasoro za kiufundi, na kalenda zetu zinaruka kutoka uliotangulia hadi uliofuata. Waliozaliwa ndani yake waliruhusiwa kuchagua upande.

Sasa zikatufikia nyaraka mbili katika bahasha moja. Waraka namba saba ulisema mzee anayesahau asipingwe, maana kumpinga kunamtia fadhaa. Ulikuwa waraka mzuri, sijui nani aliuandika. Waraka namba nane ulisema mzee asikubaliwe kukumbuka jambo lolote lisilokuwa katika Orodha ya Kumbukumbu Zilizoidhinishwa. Orodha ilikuwa na kumbukumbu thelathini na sita, zikiwemo harusi, mavuno, kuona treni kwa mara ya kwanza, na utamu wa sukari ya zamani, ambao baadaye ulikatwa kwa kuwa unaleta ulinganisho. Atakayekumbuka nje ya Orodha mbele ya wakaguzi, na ikathibitika, ataondolewa kituoni siku hiyo hiyo.

Basi Bi Sikudhani akiuliza kama Mashaka amerudi, ukisema hapana umempinga, na ukisema ndiyo umekiri kuwa aliondoka. Wauguzi wakaamua kukohoa. Yeye anauliza, sisi tunakohoa. Ikafika asubuhi moja Bi Sikudhani akaja na tangawizi aliyoifunga kwenye pindo la kanga, akamkabidhi Dokta Mbaruku. "Chemsheni mnywe, wanangu," akasema. "Kifua kikizoea hakitoki."

*

Dokta aliandika makao makuu kuomba mwongozo. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: Serikali, kwa kuwajali wazee, imeamua ateuliwe Kaimu Mwana, atakayeshika nafasi hiyo hadi mwenyewe atakapothibitishwa au nafasi kufutwa.

Hakuna aliyeshangaa. Kwetu hakuna ofisi isiyo na kaimu. Tuna Kaimu Mkuu wa Bandari ingawa bahari hatuna. Aliyeteuliwa kuwa mwana nilikuwa mimi, kwa kuwa ndiye mtumishi pekee wa kiume ukimwacha Dokta. Mashaka alikuwa na miaka ishirini, mimi sitini na moja, lakini barua ilifafanua kwamba mzee anayesahau hahesabu umri. Niliagizwa kuitika "naam, mama" nyakati zote, na nisikubali wala nisikatae kwamba niliwahi kuwa mahali pengine. Nilikuwa na sababu ya kuukataa uteuzi ule. Fomu ya kukubali haikuwa na nafasi ya sababu, nikaijaza.

Asubuhi ya kwanza nikaketi pembeni yake.

"Mashaka amerudi?" akauliza.

"Naam, mama. Nipo."

Alinitazama kwa upole wa mtu anayempokea mgeni aliyekosea nyumba. "Karibu, baba. Keti, jinyooshe. Mashaka akirudi atakusalimu."

Ikawa hivyo kila siku kwa miezi mitatu. Alinikaribisha, akanisogezea upande mmoja wa ungo wake, nikachambua naye mawe niliyoyamwaga mwenyewe jana yake. Kisha akauliza tena. Nikaripoti kwamba mgonjwa ameanza kumzoea Kaimu.

*

Mwezi wa nne akaja Mheshimiwa Naibu Waziri pamoja na wakaguzi. Familia za wazee zilialikwa kuja kupiga makofi, na Semeni alibadilishana zamu na mwenzake ili awepo.

"Ndugu wazee mliosahau, na ninyi mnaotarajia kusahau," Mheshimiwa akaanza. "Serikali yenu inawakumbuka. Sahauni kwa amani. Kukumbuka ni mzigo, na mzigo huo Serikali imeubeba kwa niaba yenu, haijui ni lini itautua."

Baada ya hotuba Dokta Mbaruku akaonyesha mchele, akaonyesha ubao, mwishowe akatutambulisha mimi na Bi Sikudhani kama ubunifu wa kituo. Siku hiyo, kwa heshima ya ugeni, nilikuwa nimevaa koti langu jeusi la zamani la ofisini, na nilikuwa nimekumbatia daftari kubwa la usajili kwa ajili ya wakaguzi. Mkaguzi akaandaa fomu.

"Bi Sikudhani," Dokta akamwinamia, "huyu ni nani?"

Katika mazoezi alikuwa akijibu "mgeni", na tulishakubaliana "mgeni" itahesabika kuwa ni mwana. Sasa akalitazama koti. Akalitazama daftari, na mkono wangu ulivyolishika, halafu uso. Alitazama kwa muda mrefu.

"Huyu namjua," akasema. "Ni karani wa dirisha la tatu, pale bomani. Nilikuwa namwendea kumuuliza habari za Mashaka wangu, na kila siku ananiambia njoo kesho."

Akauweka ungo chini taratibu, akajifunga kanga vizuri, akaweka mikono mapajani.

"Haya, karani. Nimekuja."

Mheshimiwa aliendelea kutabasamu kwa kuwa mpiga picha alikuwa hajamaliza.

Alilosema Bi Sikudhani lilikuwa kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani wa dirisha la tatu. Alikuja kila siku ya kazi kwa miaka miwili, saa mbili na nusu, ameshaoga na kupaka mafuta kama mtu anayekwenda kupokea wageni. Nilimtambua siku ile ile Semeni alipoiweka mikono yake juu ya meza yangu. Sikuhisi kitu. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Fomu ya mkaguzi ilikuwa fupi. Kumbukumbu ya mgonjwa: sahihi, au si sahihi. Nikiandika sahihi, imethibitika amekumbuka nje ya Orodha, anaondolewa leo, na kesho asubuhi yuko nyuma ya kufuli anagonga mlango. Nikiandika si sahihi, bado ni mgonjwa halali wa Serikali, na mahali pake papo. Mkaguzi akanipa kalamu. Alisema mimi ndiye Msajili, na pia, kwa namna fulani, ni mhusika.

Semeni akatoka safu ya nyuma. Hakuwa analia. Aliniinamia sikioni.

"Andika si sahihi," akasema. "Halafu toka nje unisubiri."

Nikaandika. Bi Sikudhani bado alikuwa ananitazama, anangoja jibu lake. Mheshimiwa alisomewa fomu, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mnauona ugonjwa huu, ndugu zangu," akawaambia watu. "Unaumba mpaka madirisha."

Watu wakapiga makofi.

*

Tulisimama nyuma ya ghala, kwenye tangi la maji.

"Ni wewe kweli?" Semeni akauliza.

"Ni mimi."

"Ulikuwa unajua?"

"Nilijua wiki ya kwanza. Jina lake lilirudi kwangu limepigwa mstari mwekundu."

"Na mama ukawa unamwambia aje kesho. Miaka miwili."

"Ndiyo maelekezo yaliyokuwapo, mwanangu."

"Usiniite mwanangu."

Akauliza kaka yake yuko wapi. Nikamwambia: shamba la mkonge lililoachwa, nyuma ya banda la tatu la kukaushia, upande wa mashariki, wako kumi na tisa.

"Aliumia?"

"Sijui. Mimi nilikuwa wa majina tu."

Akataka kujua daftari la majina liko wapi. Nikamweleza lilichomwa pamoja na mwaka wenyewe. Yalikuwa majina mia mbili na kumi na moja, na sasa yamo kichwani mwangu, kwa namba, kila mmoja na mahali alipo. Hakuna mwingine aliyebaki katika waliofanya kazi ile.

"Unalala?" akaniuliza.

"Nalala vizuri."

Nilijaribu miaka mingi kukosa usingizi, nikashindwa. Hilo sikumwambia.

Semeni aliliegemea tangi. "Mama hajamkalia matanga mpaka leo," akasema. "Kila alipotaka kutandika mkeka majirani walimzuia. Usimchurie mtoto, hujaona maiti, hujaletewa habari. Miaka thelathini na saba hajamlilia hata mara moja. Alikuwa anaogopa kwamba akilia tu, ndiyo atakuwa amemuua."

Akajifunga kanga upya. "Nikimwambia leo, kesho amesahau. Atakuwa anafiwa kila asubuhi."

"Ndivyo ugonjwa ulivyo."

"Na nisipomwambia?"

"Atauliza. Mara kumi na moja."

Alilitazama ghala, ambamo wazee walikuwa wanaimbishwa wimbo wa kumuaga Mheshimiwa.

"Matanga ni siku tatu," akasema. "Nyumbani peke yangu sitayaweza. Nipe hawa."

*

Nikajaza ombi la Tiba ya Kundi, kifungu cha Kuketi kwa Pamoja. Vifaa: mikeka mitano, birika moja, kahawa. Dokta Mbaruku alilisoma mara mbili.

"Ni nani?" akauliza.

"Mwana wa Bi Sikudhani. Yule mwenyewe."

Akavua miwani, akaifuta, akatia sahihi. Kesho yake alikuja amevaa kandambili, na mkononi ana kilo ya kahawa. Semeni kwa upande wake aliomba ruhusa ya msiba kiwandani, akanyimwa kwa kukosa cheti cha kifo. Wakampa ruhusa ya ugonjwa, kwa kuwa alionekana mgonjwa.

Alimwambia mama yake saa tatu asubuhi, wamekaa chini. "Mama. Mashaka amefariki. Alifariki siku nyingi."

"Nani kasema?"

"Karani."

Bi Sikudhani akanigeukia. "Ni kweli?"

"Ni kweli, mama," nikasema.

Akalia. Sitaeleza sauti ile. Wauguzi walisogea kumshika, lakini hawakuwahi kufika, maana wazee walikuwa wameshainuka. Watu ambao kila siku tunawaelekeza choo kilipo walivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Wanawake wakaenda kukaa naye mkekani, wakamzunguka, wamejitanda. Wanaume wakatoka wakaketi barazani. Jaji Kitwana akashika birika na kuanza kumimina kuanzia mkono wa kulia. Bi Havintishi, aliyekuwa hajui ni mwezi gani, alimlaza Bi Sikudhani kifuani kwake akawa anamwambia, "Lia, mwenzangu. Mtoto wako huyo. Lia."

Mchana Bi Sikudhani akatazama huku na huku. "Huu msiba wa nani?" Semeni akamwambia, naye akalia upya. Siku ya kwanza aliambiwa mara nne. Siku ya pili mara tatu. Semeni alikuwa anamwambia kwa maneno yale yale na sauti ile ile, na baina ya mara moja na nyingine alikuwa anakwenda nyuma ya tangi kukaa peke yake.

Siku ya tatu, Jaji alisimama katikati na birika lake, akasahau. "Samahanini jamani," akauliza kwa sauti ya mahakamani, "marehemu ni nani?"

Semeni akafungua mdomo, lakini mama yake alitangulia.

"Ni mwanangu," Bi Sikudhani akasema. "Mashaka. Walimchukua ana miaka ishirini."

"Pole sana, mama."

"Tumeshapoa, baba."

Mimi nilikaa na wanaume barazani siku zote tatu. Nilidhani na mimi nitalia. Nilingoja, nikanywa kahawa.

Siku ya nne matanga yakaanuliwa, mikeka ikakung'utwa. Bi Sikudhani akachukua ungo wake. Nilikaa na kijitabu changu cha kuhesabia hadi jioni, na hakuuliza. Semeni alipokuja kumchukua nikamwonyesha ukurasa: sifuri. Aliutazama sana. "Kesho nitamleta saa moja kasoro," akasema, wakaondoka.

*

Ripoti yangu iliitikisa Wizara. Kutoka mara kumi na moja hadi sifuri, bila kidonge. Mheshimiwa Naibu Waziri aliisoma redioni kama matokeo ya mpira. Na hapo ndipo ilipojulikana kwamba vituo vyote arobaini na vitatu nchini vina wazee wanaouliza kama fulani amerudi, vingine wawili, vingine sita. Kila kituo kilidhani ni kwake tu, na kote walikuwa wanakohoa.

Ukaja waraka namba kumi na mbili. Tiba ienezwe nchi nzima. Msajili aliyeibuni awasilishe, ndani ya siku kumi na nne, mahitaji ya kila mgonjwa: idadi ya mikeka, kiasi cha kahawa, na katika safu ya mwisho, jina la anayeulizwa pamoja na mahali alipo, ili tiba isikwame. Umesainiwa na Mheshimiwa mwenyewe.

Dokta Mbaruku alinisomea, kisha akaenda kufunga mlango.

"Msajili, hili ni agizo la Serikali."

"Naam."

"Basi tulitekeleze kabla waliolisaini hawajalisoma."

Tumeanza. Semeni akitoka kiwandani anakuja ofisini, mama yake anaketi nasi, mimi nasema na Semeni anaandika, nakala mbili, moja anaondoka nayo. Haniiti mzee wangu tena, wala haniiti jina lolote. Nafuata namba, kama nilivyoyaandika majina yale wakati ule: jina, kijiji, umri, mahali. Mkono wake ni mwepesi. Siku tatu tulikwenda bila kusimama.

Juzi tukafika themanini na nane. Themanini na saba ni fundi cherehani. Themanini na tisa ni mwashi, aliyekuwa hana kidole gumba cha mguu. Katikati yao yupo mtu. Najua yupo, kwa sababu namkumbuka baba yake, aliyekuwa anakuja dirishani na kigoda chake mwenyewe ili akichoka asimsumbue mtu. Jina la mtoto halikuja. Nikarudi namba moja nikapanda nayo mbio hadi themanini na saba, nikaangukia themanini na tisa.

Semeni alingoja, kalamu iko juu. "Acha wazi, twende mbele," akasema. "Litarudi."

Nikamwambia wiki iliyopita lilikuwapo. Nikamwambia pia kwamba naogopa. Sijawahi kumwambia mtu neno hilo, na sikujua kama ninalo. Aliniangalia kwa makini, macho yale anayomwangalia nayo mama yake anapovaa kanga kinyume.

Leo jioni tumefika mia moja na tatu, na nafasi zilizoachwa wazi ni nne. Semeni ameomba ruhusa nyingine kiwandani ili kesho tuanze asubuhi.